Kuifupisha Bunduki: Fundi Ana Dhima Gani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyempa mwanadamu akili, na mikono ya kuitumikia akili hiyo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Swali letu la leo ni la mafundi, lakini jawabu lake linaingia mpaka jikoni. Swali lenyewe ni hili. Mtu anamwendea fundi chuma na bunduki ndogo, ile ya tundu dogo inayojulikana kwa jina la "ishirini na mbili". Anataka ifupishwe, na anataka iwe inafunguka katikati, mtutu upande na kitako upande, ili iingie katika mkoba wa kawaida. Anasema ni mali yake, na malipo anayoyataja ni mazuri. Je, fundi aifanye kazi hiyo? Na akiifanya, kisha kilichofichwa mkobani kikaja kumwaga damu, fundi ana fungu lake katika damu ile, au dhambi yote ni ya aliyefyatua?

Wako watakaosema kuwa swali hili ni la nchi za mbali. Si kweli. Sisi wa Gerezani tunaishi katikati ya vyuma. Toka asubuhi mpaka alasiri mtu akipita hapa husikia nyundo, msumeno wa chuma na mashine ya kukereza. Hapa hutengenezwa mageti, majiko, mikokoteni na masanduku. Hapa huchongwa kipuri ambacho dukani Kariakoo kimekosekana. Gari lililokufa Mbagala hufufuka Gerezani. Penye mikono mingi yenye ujuzi namna hii hapakosi mtu wa kuja na ombi lisilofaa. Kwa hiyo ni vyema jawabu liwe tayari kabla ya ombi kufika.

Kwanza tuipe kazi ya chuma heshima yake. Katika Sura ya Al-Hadid Mwenyezi Mungu anatuambia kuwa ameteremsha chuma, na kwamba ndani yake mna nguvu kubwa na manufaa kwa watu. Yametajwa yote mawili pamoja, nguvu na manufaa, ili tusisahau moja kwa kulitazama jingine. Na katika Sura ya Saba tunaambiwa kuwa Nabii Daud, amani iwe juu yake, alilainishiwa chuma na akaamrishwa afanye nguo za vita na apime vizuri pete zake. Zingatia hapo, ndugu yangu. Kazi aliyoamrishwa Nabii ilikuwa ngao ya mwili, ya kumkinga mtu asidhurike. Na Mtume wetu (S.A.W.) amesema, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokipata kwa kazi ya mkono wake, na akampigia mfano Nabii Daud. Basi fundi chuma ana Nabii wa kumfuata, na cheo hicho si kidogo.

Pili, wanazuoni wetu wamesema kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Hatuwezi kusema halali au haramu juu ya jambo ambalo hatujalitambua sura yake. Basi tuitambue bunduki hii.

Nambari 22 ni kipimo cha tundu la mtutu: sehemu 22 katika 100 za inchi moja, yaani kiasi cha milimita 5 na nusu na kidogo juu yake. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa gramu mbili na nusu hivi. Kiwashio chake hakikuwekwa katikati ya kitako cha ganda la risasi kama katika bunduki kubwa, bali kimezungushwa ndani ya ukingo wake, na nyundo ya bunduki hugonga ukingoni. Huko Marekani risasi za namna hii zilianza kutengenezwa mwaka 1857, na hii inayotumika zaidi leo ilitokea mwaka 1887. Ni rahisi, haina kishindo kikubwa, haimpigi mtu begani. Kwa hiyo duniani kote ndiyo ya kujifunzia shabaha, na ya kupigia ndege na wanyama wadogo.

Bunduki ya kufunguka vipande viwili nayo si uzushi wa jana. John Browning wa Marekani alibuni moja ya nambari 22 ambayo ilianza kutengenezwa Ubelgiji mwaka 1914, na mpaka leo watu wanaisifu kwa uzuri wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Eugene Stoner akabuni nyingine iitwayo AR-7, ambayo mtutu na mitambo yake huingia ndani ya kitako kilicho wazi, na ikiangukia majini huelea. Wazo lake lilikuwa ni rubani: ndege ikianguka nyikani, apate kitu cha kumpatia kitoweo mpaka atakapookolewa. Na kiwanda cha Ruger, kilichoanza kuuza bunduki yake maarufu ya 10/22 mwaka 1964, kilitoa namna yake ya kufunguka mwaka 2012. Wote hao walitengeneza kiwandani, kwa leseni, na kila bunduki ina nambari yake.

Nimeyataja haya kwa kusudi. Nataka ijulikane kuwa kufunguka peke yake hakukuifanya bunduki kuwa haramu. Rubani aliyeanguka porini hamfichi mtu. Nafasi chini ya kiti chake ndiyo ndogo. Mwindaji anayeitia bunduki yake katika kasha lake, na kibali chake mfukoni, hamfichi mtu vile vile. Aliyesema kuwa kila bunduki ya vipande viwili ni ya mwizi amedhulumu, na sisi hatujaamrishwa kudhulumu.

Lakini upande wa pili wako wanaosema: "Hii ni bunduki ya ndege tu, mchezo wa watoto, ina ubaya gani?" Hao nao wamekosa. Risasi hii ndogo ikirushwa juu kidogo huweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Kutoka Gerezani, masafa hayo yanavuka msikiti, shule, kituo cha mabasi na soko. Mwezi wa Juni mwaka 1968, mjini Los Angeles, Seneta Robert Kennedy aliuawa kwa bastola ya nambari 22. Aliyekuwa akitaka urais wa Marekani aliondoka duniani kwa risasi ambayo watu huiita ya ndege. Udogo wa kitu si udogo wa madhara yake. Nge hapimwi kwa uzito.

Basi sasa tuulize swali lenyewe: kuifupisha na kuifanya ifunguke kunaongeza nini katika bunduki? Hakuiongezei nguvu, mtutu mfupi mara nyingi huipunguzia kasi risasi. Hakuiongezei shabaha, penye kiungo pakilegea kidogo tu, shabaha huharibika. Hakuiongezei umri. Kinachoongezeka ni kimoja, nacho ni kufichika. Mteja huyu akilipa, ananunua kufichika. Hiyo ndiyo bidhaa, na fundi ndiye muuzaji wake.

Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini nchi nyingi, pamoja na tofauti zao zote, zimeipima bunduki kwa rula. Marekani, ambako mtu hununua bunduki kwa wepesi kuliko karibu kila mahali, ina sheria ya tangu mwaka 1934 inayosema kwamba bunduki ya aina ya raifo ambayo mtutu wake haufiki inchi 16, au urefu wake wote haufiki inchi 26, isimilikiwe hivi hivi bali isajiliwe kwa utaratibu wa peke yake. Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Tarehe 13 Machi 1996 mtu mmoja aliingia katika shule ya watoto wadogo mjini Dunblane, Scotland, akaua watoto 16 na mwalimu wao kwa bastola. Mwaka uliofuata Bunge lao likapiga marufuku silaha ndogo, kwa jumla zile ambazo mtutu wake haufiki sentimita 30 au urefu wake wote haufiki sentimita 60. Na hapa pana funzo kwetu. Sheria ya kwanza ya mwaka huo wa 1997 iliziacha bastola za nambari 22, kwa kuwa ni za michezo ya shabaha. Kabla mwaka haujaisha ikatungwa sheria ya pili, na hizo nazo zikaingizwa katika marufuku. Watu hao hawakusoma vitabu vyetu vya fikihi, lakini walifika pale pale wanazuoni wetu wanapopaita kuziba njia ya madhara.

Na hapa kwetu je? Ni nani asiyeyajua maneno haya, "bunduki iliyokatwa kitako na mtutu"? Tumeyasikia redioni na kuyasoma magazetini miaka nenda miaka rudi, kila polisi wanapotoa taarifa ya majambazi waliokamatwa. Maneno hayo yamekuwa ya kawaida hata hatuyafikirii. Hebu leo tuyafikirie. Bunduki haijikati. Kiwandani ilitoka nzima. Mahali fulani ilibanwa kwenye jiliwa, msumeno ukapita, tupa ikalainisha ukingo, na mtu akapokea ujira wake. Yule jambazi anatajwa kwa jina mahakamani. Yule aliyekata hatajwi. Lakini mbele ya Mwenyezi Mungu hakuna asiyetajwa.

Na jambazi aliikatia nini? Hakuikatia porini, maana porini hakuna wa kumficha. Aliikata kwa sababu ya mwenye duka anayefunga hesabu zake jioni, na kijana aliyekaa kibandani anapokea na kutoa pesa za simu, na abiria wa daladala. Aliikata ili mpaka dakika ya mwisho hao wamdhanie kuwa ni mteja mwenzao. Bunduki ndefu inamwonya mtu naye akapata nafasi ya kukimbia, kupiga kelele au kufunga mlango. Aliyeifupisha amemnyang'anya mnyonge onyo lake.

Hapa atasimama mwenye hoja na kusema: "Sheikh, wewe mwenyewe umetufundisha Hadithi ya mishale." Ni kweli, na hoja yake inastahili kujibiwa. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Musa Al-Ash'ari, kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha kuwa anayepita na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Na imepokewa vile vile kwamba alikataza watu kupeana upanga ukiwa wazi, haumo katika ala yake. Mwenye hoja atasema: "Basi bunduki iliyofunguliwa vipande viwili haiwezi kulia. Ndiyo kama mshale ulioshikwa ncha. Fundi aliyeifanya ifunguke ameitii Hadithi."

Jawabu ni kwamba tuitazame Hadithi yote, tusiikate kitako na mtutu nayo. Mtume (S.A.W.) ameamrisha ncha ishikwe, hakuamrisha mshale ufichwe. Anayepita sokoni ameishika ncha, kila mtu anamwona kuwa ana mishale, na kila mtu anaona kuwa amejizuia. Watu wamepata amani mara mbili: ya kutodhurika na ya kujua. Upanga ulio alani nao unaonekana kiunoni. Lakini bunduki iliyomo katika mkoba wa nguo sokoni Kariakoo imewanyima watu kujua, na kule kutodhurika kumebaki mikononi mwa mbebaji peke yake, kwa muda ule wa kuunganisha vipande viwili, ambao ni mfupi mno. Ukitaka kuitii Hadithi ya mishale, itoe risasi, iweke katika kasha lake, kibali chako kiwe nawe, na ulipo na silaha usijifanye huna. Kuikunja silaha ili watu wasalimike ni jambo moja. Kuikunja ili watu wasijue ni jambo jingine, hata kama skrubu ni ile ile.

Hoja ya pili ndiyo tunayoisikia zaidi: "Mimi ni fundi tu. Nimekata chuma. Nia ya mteja siioni, na Mwenyezi Mungu peke yake ndiye ajuaye yaliyomo vifuani." Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walilishughulikia jambo hili kwa mfano wa zabibu. Waliosoma Minhaj ya Imam Nawawi, na watu wa pwani wengi wameisoma au wamewasikia walioisoma, wanajua kuwa katika mlango wa biashara zilizokatazwa imetajwa kumuuzia zabibu na tende mbichi mwenye kukamua ulevi. Zabibu ni halali, na fedha ni halali; lakini mauzo yameingia katika makatazo kwa sababu ya kinachojulikana juu ya mnunuzi. Na wamepambanua daraja. Muuzaji akiwa na yakini kwamba mnunuzi atafanyia haramu, au dhana yenye nguvu, basi ni haramu kumuuzia. Akiwa na shaka tu, ni karaha. Na mfano wa kuwauzia silaha wanyang'anyi wa njiani wameuweka katika mlango huo huo. Basi wazee wetu, ambao hawakuwahi kuiona bunduki, walikwisha kumjibu fundi wa Gerezani.

Kwa hiyo fundi hakuambiwa apasue kifua cha mteja. Ameambiwa atazame alama. Mwenye shughuli safi huja mchana, tena kwa mlango wa mbele. Hana tabu kuulizwa kibali chake, na wala hakasiriki. Anataka nambari ya silaha ibakie pale pale. Haongezi ujira ili usiulize. Ukimwona mtu anakuja baada ya Isha, hana karatasi, anataka kazi iishe usiku huo huo, anakwambia usimhusishe mwanagenzi wako, na malipo yake ni mara tatu ya kazi yenyewe, basi amekwisha kukwambia nia yake kwa ulimi usio wa maneno. Baada ya hapo kusema "sikujua" ni kujidanganya. Hukujua kwa sababu ulilipwa ili usijue.

Na hapa nchi yetu imetuondolea sehemu kubwa ya mashaka. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza wala kukarabati silaha pasipo leseni. Na mwezi wa Aprili mwaka 2004 nchi za Afrika Mashariki, Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwamo, zilitia saini mjini Nairobi mkataba wa kuzuia silaha ndogo kuzagaa. Hatukuamkia tu mambo hayo. Eneo letu limeonja uchungu wa silaha kwa miaka mingi, tangu zama ambazo magobori yalikuwa yakishushwa pwani kwa maelfu na kupelekwa bara, hata mwaka 1890 mataifa yakakutana Brussels yakaweka mipaka ya biashara hiyo. Basi fundi asiye na leseni jawabu lake ni jepesi. Hahitaji kupima dhana wala shaka. Aseme: "Bwana, hii si kazi yangu. Nenda kwa mwenye leseni." Mwenye haki ataondoka akushukuru. Mwenye jambo lake ataondoka akilaani, na laana yake haimpati mtu. Muislamu ni mtu wa ahadi, na sheria inayolinda damu za watu ni ahadi baina yetu na jirani zetu wote, wa dini yetu na wasiokuwa wa dini yetu.

Hoja ya tatu ni ya njaa, na hii sitaki kuijibu kwa ukali. Fundi anasema: "Watoto wana ada. Kodi ya kibanda inadaiwa. Nisipoifanya mimi, ataifanya wa kibanda cha pili." Ndugu yangu, kuhusu wa kibanda cha pili, Qurani imetufunza kuwa hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwenziwe. Kama ni hivyo, basi na wewe usiubebe mzigo wake kabla hajaubeba mwenyewe. Huenda naye atakataa. Huenda anangoja kusikia kuwa wewe umekataa ili apate nguvu. Vibanda kumi vikikataa, mwovu ametembea mtaa mzima mchana kweupe na mkoba wake mkononi, na watu kumi wamemjua.

Na kuhusu njaa, tukumbuke namna Mtume (S.A.W.) alivyoulaani ulevi. Katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas, waliolaaniwa ni watu kumi, na miongoni mwao yumo mwenye kukamua na mwenye kubeba, wala si mnywaji peke yake. Kwa nini mbebaji, ambaye pengine hajaonja hata tone? Kwa sababu dhambi kubwa haifanywi na mkono mmoja. Ina wakulima wake, wachukuzi wake na mafundi wake. Na katika Sura ya Al-Maida tumeamrishwa tusaidiane katika wema na uchaji, tusisaidiane katika dhambi na uadui. Ikiwa hayo ni katika kinywaji, itakuwaje katika damu? Fedha iliyopatikana kwa kuificha silaha ya mwizi ikinunua unga, unga ule utapikwa, utaliwa, na watoto watakuwa kwa unga ule. Hapo ndipo niliposema kuwa swali hili linaingia mpaka jikoni.

Kwa hiyo na mama wa nyumba ana sehemu yake. Mume akirudi na fedha nyingi kuliko kazi anazozijua, amuulize kwa adabu: "Baba fulani, leo ilikuwa kazi gani?" Swali hilo si la kumdhalilisha, ni la kumlinda. Wake wema wa zamani walikuwa wakiwaambia waume zao asubuhi kuwa njaa wataivumilia, ila moto hawatauvumilia. Neno kama hilo likisemwa mlangoni linamfuata mtu kazini siku nzima.

Na mwanagenzi je? Kijana wa miaka kumi na sita anamtazama fundi wake kuliko anavyomtazama mwalimu wake wa madrasa. Akimwona amekata mtutu usiku, amejifunza mambo mawili kwa mpigo mmoja: namna ya kukata, na kwamba kukata kunaruhusika. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba hauawi mtu kwa dhuluma ila yule mwana wa kwanza wa Adam hupata fungu la damu yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza desturi ya kuua. Fundi anaweza kufa, kibanda kikabomolewa, na dhambi ikaendelea kuandikwa kwa mikono ya wanafunzi wake. Vile vile akikataa mbele ya kijana yule, thawabu inaweza kuendelea namna hiyo hiyo. Hiyo ni sadaka isiyokatika, na haikumgharimu ila neno moja.

Nisije nikafahamika vibaya. Sisemi kuwa bunduki haina kazi katika maisha ya watu wema. Muulize mtu wa Rufiji. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 katika wilaya hiyo, na waliosaidia wanakijiji walikwenda na bunduki, hawakwenda na fimbo. Mkulima anayelinda mahindi yake na nguruwe ana haki yake. Lakini muulize mtu huyo huyo wa pwani ya kusini juu ya miaka ya 2015 mpaka 2017, watu wa Mkuranga, Kibiti na Rufiji walipokuwa wakipigwa risasi majumbani na njiani, na askari polisi 8 wakauawa Kibiti siku moja ya Aprili 2017. Chuma ni kile kile, na ardhi ni ile ile. Ile iliyomkinga mtu na simba ilibebwa hadharani na kijiji kizima kikaifuata. Ile iliyomuua mtu mlangoni kwake ilifika kwa siri.

Na ambaye tayari ana kitu nyumbani kisicho na karatasi, alichorithi au alichookota, ajue kuwa mlango wa kutoka upo. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushitakiwa, kama ilivyofanya mwaka 2022. Kikitangazwa asikipuuze. Na kabla hakijatangazwa, asimpelekee fundi amkatie ili aifiche vizuri zaidi. Atazungumza na mtu wa kuaminika, kiongozi wa mtaa au imamu wake, atafute njia ya kukitoa nyumbani kabla mtoto hajakiona.

Basi jawabu la swali letu kwa ufupi ni hili. Kuifanya bunduki ifunguke si haramu kwa dhati yake. Haramu inaingia kwa kinachofichwa na anayefichwa. Fundi asiye na leseni hana ruhusa ya kuigusa, kwa sheria ya nchi na kwa ahadi yake. Mwenye leseni naye aulize kabla hajabana chuma kwenye jiliwa: kitu hiki kinafichwa na macho ya nani? Kama jawabu ni "ya hakuna mtu, ni kwa ajili ya safari na kasha lake", na karatasi zinashuhudia, na afanye kazi yake kwa uzuri. Kama jawabu ni "ya jirani zangu", na aitoe mikononi mwake, hata kama siku hiyo atarudi nyumbani mikono mitupu. Akiifanya huku anajua, ana fungu lake katika kila damu itakayomwagika kwayo, na kutojulikana kwake duniani hakutamsaidia kitu.

Ewe Mola wetu, wabariki mafundi wetu katika mikono yao, waruzuku kwa halali, wape ujasiri wa kusema hapana, na ulinde damu za watu wa mji huu. Amin.

Wallahu aalam.